Bado Haijashika

Jioni ile nilikuwa natoka Mbita na karatasi ya msasa mkononi, navuka daraja kurudi kisiwani Rusinga, na sikuwa na hofu yoyote. Nilikuwa na hasira tu. Wengine wakifiwa hulia. Mimi nilikuwa nimekataa kwamba nimefiwa, kwa hiyo nikabaki na hasira.

Mume wangu, Gordon, aliingia ziwani kuvua omena, wale dagaa wa ziwani, wakati wa mvua kubwa, karibu na kisiwa cha Takawiri. Boti ilipatikana ikielea kifudifudi. Taa za kuvulia usiku zilipatikana. Yeye hakupatikana. Wavuvi walitafuta hadi wakachoka, kisha wakaanza kuniita mjane. Nikasema hapana. Ziwa hili lina visiwa vingi na nchi tatu. Mtu anaweza kuokolewa na boti ya upande ule, akazuiliwa huko, akakosa hata simu ya kuomba. Nilimwambia hivyo kila aliyekuja kunipa pole, mpaka wakaacha kunijibu.

Mama mkwe wangu, Phelesia, hakubishana nami. Alituma tu watu wamtafutie yago. Kwetu sisi Waluo, ziwa likikataa kutoa maiti, tunda la yago huzikwa mahali pake. Ni tunda refu, zito kama mkono wa mtu mzima. Likishafukiwa, basi. Mtu amekufa, na hakuna tena wa kumngoja mlangoni. Letu lilikuwa tayari sebuleni, limefungwa kwa shuka jeupe. Mazishi yalikuwa Jumamosi. Wageni wangeanza kufika kesho yake, kwa hiyo jioni ile tulikuwa wawili tu bomani.

Mama alitaka kiti cha Gordon kiwekwe kando ya kaburi, na picha yake juu.

Kilikuwa kiti cha chuma cheupe, vile vya kuweka bustanini, chenye mgongo wa maua maua. Gordon alikitoa kwenye hoteli ndogo ya watalii iliyokuwa imefungwa, akakileta kwa boti akijidai kama bwana harusi. Kila jioni aliketi hapo nje akinywa chai na kukosoa mawingu. Kisha mguu mmoja ukavunjika. Alikaa siku nzima akipapasa pale palipovunjika kwa kidole gumba chake cha kulia, kile chenye kovu la mshazari alilolipata kwa kukatwa na kamba ya nanga. Akakipeleka kwa Osoro, fundi wa kuchomelea pale Mbita. Osoro alikitazama akakikataa.

"Hii chuma ni ya kumwagwa kwenye kalibu, na ni nyembamba. Nikiweka moto itatoboka," alimwambia. "Nunua ile gundi ya tyubu mbili. Changanya, shikilia, halafu uiache ilale."

Gordon akanunua gundi. Akaiweka kabatini, akasema ataifanya Jumapili. Jumapili zake nazijua mimi.

Sasa kazi ilikuwa yangu. Mama alidhani nakitengeneza kwa ajili ya mazishi. Mimi nilikitengeneza ili Gordon akirudi akikute kizima, aketi, anywe chai yake. Sikumwambia Mama hilo, naye hakuniuliza.

Nilikiweka nje chini ya paa, kwa sababu gundi ile inanuka vibaya. Nikakwangua rangi na kutu kwa msasa mpaka chuma kikang'aa pande zote mbili. Nikakamua tyubu hii, nikakamua ile, sawa kwa sawa, nikakoroga kwa kijiti juu ya kipande cha bati mpaka yote ikawa ya kijivu. Nikapaka. Nikasimamisha kiti, nikaketi chini kwenye vumbi, nikaukandamiza mguu mahali pake kwa mikono yote miwili. Gundi ilianza kupata joto vidoleni mwangu. Hapo hutakiwi kusogea. Ukitikisika kidogo tu, kazi yote imeharibika.

Mama alikuwa ameketi mlangoni mwa jikoni akichambua mchele kwenye mfuniko wa sufuria. Jua lilikuwa limeshazama, na anga ilibaki na wekundu kidogo upande wa ziwa.

Ndipo upepo ukakatika.

Mbwa wa jirani akanyamaza katikati ya kubweka.

Kisha mbali, upande wa mlimani, nikasikia...

Nga. Nga. Nga-nga-nga.

Sufuria. Halafu mabati. Halafu jembe likigongwa kwa jiwe.

"Nyawawa," Mama akanong'ona.

Kama hujawahi kuishi kando ya ziwa hili, nikueleze. Nyawawa ni pepo wanaopita jioni kwa makundi, wakizungumza ndani ya upepo. Wanapopita, kila boma hugonga chuma, chochote kilicho karibu, ili wasisimame hapo. Boma hili likigonga linawasukuma kwa lile, lile kwa lingine, mpaka wanaingia majini. Boma lisipogonga, wanaingia humo. Nimegonga tangu nikiwa msichana kwetu Kendu Bay. Tulikuwa tukicheka sana.

Kelele ilishuka mlimani, boma kwa boma. Ikafika kwa jirani. Mama akamwaga mchele wote chini, akainua mfuniko, akaokota mwiko.

"Mama," nikasema. "Usipige."

Akanitazama.

"Ngoja kidogo. Na kama yumo?"

Maneno yalinitoka yenyewe. Mimi, niliyekuwa nimegombana na kisiwa kizima kwamba mume wangu yu hai. Niliyasikia nikataka kuyameza, lakini yalikuwa yameshatoka. Mkono wa Mama ulibaki hewani, na mwiko haukushuka.

Boma letu likawa kimya. Letu peke yake.

Kwanza ikaja harufu. Matope ya ziwani, nyavu mbichi, mafuta ya injini. Ikaizidi hata harufu ya gundi. Kisha sauti nyingi za chini chini, kama watu wanaopita nje ya kanisa ibada ikiendelea. Zikatuzunguka, zikasogea mbele. Zikapita...

Moja haikupita.

Kiti kikalia. Krrr.

Kikawa kizito.

Sikuinua macho. Naapa sikuinua. Nilitazama mikono yangu tu, na mguu wa kiti ukikandamizwa chini kama unavyokandamizwa na mtu mzima akiketi. Tone la maji likaanguka juu ya mkono wangu. Likaja jingine. Yalikuwa baridi sana. Kisha vidole, baridi kuliko yale maji, vikaja kukaa karibu na vyangu pale kwenye gundi, vikasaidia kushika.

"Shikilia," ikasema sauti juu ya kichwa changu. "Bado haijashika."

Ilikuwa sauti yake. Na yale maringo yake ya kuagiza kazi aliyoshindwa kuifanya mwenyewe. Machozi yakanijaa, na Mungu anisamehe, nilifurahi.

"Gordon," nikanong'ona. "Uko hai?"

Tone jingine likaanguka.

"Niambie uko wapi nije."

Maji yakaendelea kudondoka. Vile vidole vikaacha gundi, vikapanda polepole juu ya mkono wangu, vikanishika kifundo cha mkono. Havikubana. Vilishika tu, kama mtu anayekuongoza njia. Nami nikaanza kuinuka. Nilikuwa nainuka kabisa...

NGA.

Mama alikuwa amesimama juu yetu. Alipiga ule mfuniko kwa mwiko mpaka mwiko ukavunjika, akaendelea kwa kipande kilichobaki. Machozi yalimtiririka mpaka kidevuni, na hakuacha kupiga.

"Dhi gi kuwe, wuoda," alikuwa akisema. Nenda kwa amani, mwanangu. "Dhi gi kuwe. Dhi."

Mkono uliokuwa umenishika ukalegea. Kiti kikawa chepesi. Harufu ikateremka kuelekea majini, na kwa mbali boma la chini yetu likaanza kugonga.

Nilimtukana Mama. Nilimwambia amemfukuza mtoto wake, kwamba alikuwa amekuja, kwamba alikuwa ameketi pale pale. Alingoja nimalize. Kisha akaketi kwenye vumbi kando yangu, akanishika mikono yangu yenye gundi.

"Mtu mwenye yuko hai hapiti na Nyawawa, nyar Karachuonyo," akasema, yaani binti wa Karachuonyo, kwetu nilikozaliwa. "Wewe umemsikia. Mimi nimemwona. Wacha tumzike."

Hapo ndipo nilipolia kwa mara ya kwanza. Nilimtaka arudi kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote duniani, naye alirudi, na kurudi kwake ndiko kulikoniambia kwamba amekufa. Kama Mama angepiga mapema, labda ningekuwa bado nangoja. Kungoja kulikuwa kugumu, lakini nilikuwa na mume.

Jumamosi tulizika yago. Kiti kilisimama kando ya kaburi bila kutikisika, picha juu. Osoro alikuja, akainama kukagua, akasema kazi ni safi ila ningekwangua hiyo alama kabla gundi haijakauka. Nikamuuliza alama gani. Akanionyesha pale kwenye kiungo. Kidole gumba kilikuwa kimeacha chapa kwenye gundi, imekauka ngumu kama chuma chenyewe.

"Si ni chako?" akasema.

Chapa ile ni pana. Katikati yake unapita mstari wa mshazari.

Sijaikwangua. Kiti kiko pale pale nje, na Nyawawa bado wanapita jioni zao. Wakija, Mama hunipa sufuria, naye huchukua mfuniko wake. Nami hupiga, kwa sababu mtu aliyezikwa hazuiliwi. Lakini hupiga polepole. Asubuhi, hata pasipokuwa na mvua wala umande, nakikuta kiti kimelowa.

Mama hukipangusa kwa kitambaa kabla majirani hawajapita. Hajawahi kuniuliza kwa nini sufuria yangu hailii sana siku hizi. Nami sijamwambia kwamba hata mfuniko wake siusikii ukigongwa.