Marisse Aenda Kisiwa Kidogo

Marisse Gittens hakuzoea kupanga foleni. Ijumaa ile saa sita mchana, nusu ya Port of Spain ilikuwa imesimama juani mbele ya meza ya Deonarine, muuza doubles, vile vimikate laini vya kukunjia dengu, wa kona ya Mtaa wa Frederick. Yeye akawapita wote kando kando, sketi nyekundu imembana, viatu virefu vyeupe, miwani ya jua kaipandisha juu ya nywele, akanyoosha mkono.

"Mbili, Deo. Dengu za kutosha, pilipili nyingi. Nina haraka."

"Dada," ikasema sauti nyuma yake, "mkia wa foleni uko kule kwenye benki."

Ilikuwa sauti ya upole, na lafudhi yake ilipanda na kushuka kwa namna ambayo sisi wa Trinidad tunaitambua hata usingizini. Marisse akageuka polepole. Alikuwa mwanamume mrefu, mweusi wa kung'aa, ndevu zimechongwa, amevaa koti jeupe la kliniki. Akampima kuanzia viatuni.

"Wewe umetoka kisiwa kipi kidogo?"

"Grenada."

"Ndiyo maana. Harufu ya kungumanga zenu nimeisikia tangu nikiwa ng'ambo ya barabara."

Foleni nzima ikacheka. Yule mwanamume akacheka nao.

"Basi pua yako nzima," akasema. "Macho ndiyo mabovu, maana watu wote hawa hujawaona."

Safari hii walicheka mpaka Deonarine akaweka mwiko chini. Marisse akaishusha miwani machoni. Akaenda mkiani akiwa amenuna. Muda si muda mwanamume yule akaja na doubles mbili zimefungwa karatasi, akampa.

"Pilipili nyingi, kama ulivyoagiza. Ulimi wako naona umeshazoea moto."

"Unaitwa nani, mtu wa kisiwa kidogo?"

"Kellon Modeste. Natengeneza meno ya bandia, kliniki ile ya ghorofani."

"Yesu wangu! Mwanamume mzuri hivi, kutwa anashinda na vinywa vya vibogoyo!"

"Niachie namba ya simu. Siku meno yako yakitoka, nitakuhudumia kwanza."

Akamwachia.

Mgeni anaweza kudhani Marisse alikuwa na roho mbaya kuliko wengine. Hapana. Dharau hii ni yetu sote, tunazaliwa nayo. Kisiwa chochote kidogo kuliko chetu tunakiona jiwe ambalo mtu alisahau mbuzi wake juu yake. Wagrenada wametujengea nyumba, wametulelea watoto, na kila mtaa hapa una watu wenye bibi aliyetoka huko. Bibi huyo tunamficha kama upele. Tunaita mzaha. Tuna hata jina lake, picong, yaani kuchomana kwa maneno mpaka mmoja acheke au alie.

Kellon alikuwa wa kucheka. Kwa miezi waliyopendana alichomwa asubuhi na jioni, naye akajibu, na Marisse, aliyezoea wanaume wa kutetemeka mbele ya ulimi wake, akajikuta anaisubiri simu yake kama mtoto.

"Umekula, asali?"

"Nimekula. Wewe huko umepewa nini leo, ndizi ya kuchemsha?"

"Nimekula maneno yako ya jana. Bado sijayamaliza."

"Mjinga wewe," alikuwa akisema Marisse, akitabasamu peke yake kati ya maboksi ya viatu, maana alikuwa msimamizi wa duka la viatu, na wasichana waliokuwa chini yake walimwogopa.

Ndipo Kellon akaja na jambo la safari.

"Wikendi ijayo. Tunaruka Ijumaa jioni, tunarudi Jumapili jioni. Nataka uuone mji wetu, na mama akuone."

"St. George's? Kellon, wenzangu wanapelekwa Miami!"

"Miami hakuna mama yangu."

"Haya, nisomee mpango. Jumamosi asubuhi tunafanya nini?"

"Tunapita sokoni, halafu tunatembea bandarini, pale Carenage."

"Hiyo ni dakika kumi. Baadaye?"

"Mama atapika oil down uani. Shelisheli, nyama ya chumvi, tui la nazi, sufuria moja kubwa, na majirani wote."

"Na majirani wote! Kwa hiyo Jumamosi mchana nitakuwa nimeuona mji, nimewaona wananchi, imebaki kupigiwa wimbo wa taifa. Jumapili je?"

"Kanisani."

"Mpenzi, hiyo si wikendi, hiyo ni adhabu."

Lakini alinunua gauni jipya la manjano, na sanduku akaanza kulipanga Jumatatu.

Jumatano ukaingia ujumbe wa sauti kwenye simu yake. Alikuwa Bi Ernestine, mama yake Kellon, karani mstaafu wa posta. Alizungumza taratibu, kama mtu anayetembea juu ya mawe yenye utelezi, na kila "s" ilimtoka na mluzi.

"Marishe, mwanangu, karibu shana. Nimekutandikia chumba cha mbele, kina upepo. Niambie kama unakula shamaki wa chumvi, au tumbo lako ni la mjini. Na ushiogope, mwanangu. Hapa ni kwenu."

Jioni hiyo Marisse alikuwa barazani kwa rafiki yake Charmaine, mtaa wa Woodbrook, wamekaa wanawake wanne na chupa ya ramu. Akawasikilizisha ujumbe ule. Wakacheka. Naye, kwa kuwa kicheko cha watu kilikuwa kwake kama sukari kwa nzi, akasimama, akajifunga kitambaa cha meza kichwani, akamwiga. Akaiga mluzi, akaiga kusita, akaongeza ya kwake: "Mwanangu, ushiogope, mbuzi tumemhamisha chumbani, utalala wewe!" Mmoja alianguka kwenye kiti. Charmaine alikuwa ameshika simu, anarekodi.

Mnajua wenyewe kilichofuata. Watu wa aina ile, ukiwapa kitu cha aibu, hawalali nacho.

Ijumaa mchana Kellon aliingia dukani. Marisse alikuwa amevaa lile gauni la manjano, sanduku liko nyuma ya kaunta.

"Umewahi, asali! Ndege si jioni?"

Kellon akaweka simu juu ya kaunta, akaibonyeza. Sauti ya Marisse ikajaa dukani, na vicheko vya kule barazani. Wasichana wa duka wakajifanya wanapanga viatu.

"Umeiga vizuri," akasema Kellon.

"Kellon, ni mzaha tu. Picong. Si tunataniana kila siku?"

"Mzaha mtu huambiwa usoni. Yule alikuwa anakukaribisha." Hakupaza sauti. "Mama alikaa bila meno miaka mingi. Haya ya sasa nimemtengenezea mimi, nikakosea, yanalegea. Nilimwambia akuandikie tu ujumbe. Akasema mkwe haandikiwi kama mtu wa bima. Alifanya mazoezi, Marisse. Alinipigia simu, akanisomea maneno yale mara tatu kabla ya kukutumia."

Hapo ndipo mtu mwenye akili angeomba radhi. Marisse aliona wasichana wake wanamtazama.

"Basi nenda kwa mama!" akasema. "Na ukifika usinyooshe miguu, utatumbukia baharini!"

Hakuna aliyecheka. Kellon akachukua simu yake, akaondoka.

Asubuhi ya Jumamosi Charmaine akapiga.

"Shoga, nasikia amekuacha! Usijali. Mtu wa kisiwa kidogo, moyo mdogo."

Marisse alikuwa ameshaitoa sentensi hiyo kinywani mwake mara nyingi. Sasa aliisikia ikitoka kwa mwingine, tena ikimhusu Kellon.

"Ile rekodi uliituma kwa nani?"

"Kwa watu wangu tu, jamani. Mbona unakuwa—"

Akamkatia. Akampigia Kellon, haikupokelewa. Akapiga tena, ikazimwa. Akalikokota lile sanduku mpaka uwanja wa ndege, akabembeleza kwa unyenyekevu asioujua hadi akapata kiti.

Kule Grenada dereva wa teksi alikuwa mchangamfu mpaka alipotajiwa anakokwenda.

"Kwa Bi Ernestine wa Posta?" Akamtazama kwenye kioo. "Kumbe wewe ndiye yule wa sauti."

Akawasha redio, akaongeza mwendo. Walipofika mjini akasimama chini ya kilima.

"Gari haliendi zaidi ya hapa."

Marisse akashuka. Hapo hapo gari jingine likawapita likipanda, kubwa kuliko lile. Dereva hata hakuona haya.

Akapanda ngazi na viatu vyake virefu, sanduku likigonga kila jiwe. Barazani watu walikuwa wamekaa wanamsubiri apite. "Karibu shana, mwanangu!" akapaza mwanamke mmoja kutoka dirishani, na mtaa ukacheka. Kicheko kilimfuata mpaka mlangoni.

Bi Ernestine alikuwa amesimama barazani: mwembamba, mgongo umenyooka, gauni la maua limepigwa pasi. Miaka yote ya dirisha la posta ilikuwa bado usoni mwake.

"Shimama hapo. Geuka." Marisse akageuka. "Kumbe mfupi. Kwenye shimu nilidhani una kimo."

Uani, Kellon alikuwa anachochea moto chini ya sufuria. Alimwona, akaendelea kuchochea.

"Mama," akasema Marisse, "nimekuja kwako, si kwake. Nilikudhihaki mbele ya watu ambao hata siwaheshimu. Nilitaka wacheke tu. Naomba unisamehe."

"Walicheka?"

"Sana."

"Bashi hebu niige, nishikie."

"Mama, tafadhali."

"Walioshikia ni watu wa Trinidad, na ndugu zetu wa Brooklyn, na mchungaji wetu. Mwenye shauti ndiye hajafanyiwa. Haya!"

Majirani wakasogea. Marisse Gittens akasimama pale kwenye gauni la manjano lililolowa jasho, akafungua kinywa, na sauti iliyomtoka ilikuwa nyembamba, inakatikakatika. Alipofika "ushiogope, mwanangu" machozi yalikuwa yanamwingia mdomoni. Bi Ernestine alisikiliza ameinamisha kichwa, kama mtu anayekagua noti ya bandia.

"Hapana," akasema. "Shamaki umemkosea. Meno yanalegea upande wa kushoto, hivi: shhhamaki." Akajiiga mwenyewe, akazidisha, mluzi ukapaa mpaka mbwa wa jirani akabweka. Kisha bibi yule akacheka mpaka akashika nguzo ya baraza, na uwanja wote naye. "Mpeni shahani. Amelia vya kutosha, atakuwa na njaa."

Kellon peke yake hakucheka.

Walipomaliza kula akamwongoza mpaka bandarini, wakakaa ukingoni miguu ikining'inia juu ya maji.

"Mama amekusamehe," akasema. "Mama ana haraka ya wajukuu."

"Na wewe?"

"Mimi naogopa. Siogopi ulimi wako. Ulimi wako ndio nilioupenda pale kwenye foleni. Naogopa nyuma ya mgongo wangu kuna nini."

"Basi nikuambie usoni," akasema Marisse. "Wewe una kiburi kuliko mimi, ila cha kwako umekivika upole. Ukikasirika unanyamaza kama kaburi, mtu hajui aanzie wapi. Unavaa soksi na kandambili. Leo nimekupigia simu, ukaizima. Ningekuwa na akili ningekuacha. Nakupenda, Kellon. Nioe."

Kellon akaivuta miguu juu, akaikunja.

"Huko kwenu mnaposa hivyo? Kwa matusi?"

"Sisi wa kisiwa kikubwa hatuna muda."

Karibu acheke. Akajizuia.

"Kesho twende kanisani na mama. Kila mtu mle ndani ameisikia ile sauti. Utaingia mlango mkubwa, utakaa benchi la mbele, hutavaa miwani. Ukitoka na bado unataka, uniulize tena."

Jumapili Marisse akaingia kanisani kwa mlango mkubwa, kichwani kofia ya Bi Ernestine ya majani. Mabenchi yaligeuka safu kwa safu. Mwanamke mmoja alisogeza mkoba wake akaukumbatia, kana kwamba Marisse ni mwizi. Mchungaji alichagua kuhubiri juu ya ulimi, kiungo kidogo kiwashacho msitu, na kila alipolitaja neno hilo alitua, akamtazama. Nyuma yao mtu alipiga mluzi mwembamba, wa "s", watoto wakafurahi. Bi Ernestine akageuka, akatazama tu, na mluzi ukafa. Halafu akaushika mkono wa Marisse, akaushikilia mpaka baraka ya mwisho.

Kellon alikuwa ametangulia nje, amesimama juani na tai imemkaba.

"Haya," akasema. "Bado?"

Marisse alikuwa na kamasi, na wanja umemchuruzika mpaka kidevuni. Akajifuta kwa kiganja, hapo hapo mlangoni, mchungaji akiwa anapeana mikono na waumini nyuma yake.

"Bado. Nioe," akasema. "Ila Kellon, kwaya yenu ni mbovu. Tangu nizaliwe sijasikia kwaya mbovu kama ile."

Mchungaji akageuka. Waumini wakageuka. Kellon akamkodolea macho, kisha kile kicheko cha kwenye foleni, alichokikosa tangu Ijumaa, kikamlipuka mpaka akainama akashika magoti.

"Mbovu kweli," akasema alipopata pumzi, akamshika mkono. "Twende, mke wangu. Ukamwambie mama. Ndiye anayeifundisha."