Maji Yaliyochemshwa Mara Mbili

"Maji yakipita kwenye sufuria yangu, hata sumu huomba radhi!" kinyozi alijigamba, akikoleza moto.

Lakini siku hiyo, ya tatu ya kuchemsha, alikuwa hatulii. Anakaa, anainuka. Anachungulia sufuria, anamchungulia mkewe. Mkewe alikuwa na mimba ya miezi sita, na tumbo lilikuwa likimsokota tangu kijito walikochota maji kianze kunuka. Juu ya kijito palikuwa na mgodi wa dhahabu, na bwawa lake la maji machafu lilikuwa limepasuka ukingo.

Kinyozi akachemsha tena, mpaka maji yakabaki nusu.

"Mkwe, unapika maji au supu?" aliuliza mama mkwe wake, aliyekuja kumuuguza binti yake.

Jirani yao, muuguzi wa zahanati, aliingia akaona mvuke.

"Shemeji, moto unaua vijidudu. Sumu ya mgodini si mdudu, haifi. Maji yanapungua, yenyewe inabaki. Hiyo nusu ndiyo kali zaidi."

Kinyozi aliipua sufuria. "Kumbe namnywesha mke wangu sumu?"

"Hukujua. Achukue maji ya mvua kwenye tangi langu, na leo hii aje apimwe. Halafu andikeni: tarehe, harufu, nani anaumwa. Nendeni wote kwa afisa wa mazingira, audai mgodi majibu. Mkienda mmojammoja mtazungushwa."

"Lakini mgodi umetupa ajira, dada."

"Ajira si ruhusa ya kuwaharibia maji. Dhahabu iondoke, uchafu mbaki nao ninyi?"

Kinyozi alitoka mbio nyumba hadi nyumba. Hata mteja aliyekuwa amemnyoa nusu kichwa alikwenda naye, akatia sahihi kwenye malalamiko hivyohivyo. Afisa alikuja na chupa zake, akapima, akakuta sumu. Mgodi uliamriwa kuziba bwawa, kusafisha kijito na kuleta maji salama kwa bomba. Mke alipona, akajifungua binti mwenye kelele za dalali.

Siku moja kinyozi alikuwa akinyoa, mdomo ukienda kasi kuliko mashine. "Mimi nilishtuka mapema! Sumu haichemshwi, nani asiyejua?"

"Kweli, mkwe," ilisema sauti mlangoni. Mama mkwe alisimama pale na mjukuu mgongoni. "Sufuria bado nyeusi. Niwaletee waione?"

Ghafla kinyozi akainama, akaona sikio la mteja lina kazi nyingi sana.