Uso wa Plasta

"Huyu ni nani, Félicité?"

"Nani?"

"Mwanaume amepiga video. Nilikuwa nakuletea simu, kidole kikagusa. Amesema, 'Chérie, mpenzi, niko Lodwar, saa kumi nitakuwa Kakuma.' Halafu mtandao ukapotea."

Félicité aliweka ndoo ya maji chini.

Ekal aligeuka, akautazama uso wa plasta uliotundikwa kando ya dirisha. Paji lile lile la mtu wa kwenye simu. Pua ile ile, imepinda kidogo kushoto. Angeweza kuichora akiwa amefumba macho.

Miezi minane sasa, kila Jumamosi, Ekal aliacha kazi yake ya kuandika mabango ya maduka Lodwar, akaja kambini Kakuma kujifunza kuchora sura za watu. Félicité alisomea kazi hiyo Bukavu kabla vita havijamkimbiza. Hakumruhusu kugusa rangi. Alimpa kipande cha mkaa na uzi uliofungwa kijiwe cha kupimia, akamweka mbele ya plasta.

"Mtu anatikisika, anacheka, anakudanganya," alimwambia. "Plasta inatulia. Bana macho, tafuta kwanza kwenye kivuli kinaanzia. Pua utaiona baadaye."

Katika kufundishwa kubana macho, walipendana. Miezi miwili iliyopita Ekal alimwomba waoane, naye akakubali akilia.

"Ulisema hii ni sanamu ya shule," Ekal alisema.

"Niliifanya shuleni, kweli. Nilimupaka plasta kwa uso, anapumulia kwa mirija mbili. Ni Christian. Bwana yangu."

"Ulisema alikufa!"

"Mi mwenyewe nilijua amekufa! Miaka tatu, Ekal. Watu walisema walimuona amelala barabarani. Mwezi uliopita akapiga simu, iko Uganda, kwa kambi."

"Mwezi mzima?"

"Kila Jumamosi nilisema, leo nitamwambia. Halafu unafika, unaketi pale, unachonga mkaa yako..."

"Na wazee wa mahari je? Nilikwambia wanakuja leo. Mbona hukunizuia?"

Félicité alikaa kwenye kigoda.

"Nilitaka asifike," alisema polepole. "Mungu anisamehe. Niliomba bus imuache njiani."

Ekal alichomoa simu, akampigia mjomba wake Lokorio.

"Mteja wa nambari uliyopiga hapatikani kwa sasa."

Akapiga tena. Akatuma ujumbe: "Mjomba rudini. Msifike Kakuma. Nitaeleza." Ujumbe haukwenda.

"Nikuulize kitu kimoja," alisema. "Ulinipenda?"

"Nakupenda."

"Basi mwambie."

"Amevuka mipaka mbili kunitafuta, Ekal. Nitamwambia nini? Arudi wapi?"

Ekal alitoka nje kuangalia barabara.

Saa tisa na nusu lori lilisimama barabarani. Lokorio alishuka na wazee wawili, kila mmoja na fimbo na kiti chake kidogo cha mbao, wakivuta mbuzi dume mnono wa kufungulia mazungumzo ya mahari.

"Ejok!" Lokorio alisalimia kwa furaha. "Bibi harusi wetu iko wapi?"

"Mjomba, ngoja kwanza..."

Kabla hajamaliza, pikipiki ilifika na kutimua vumbi. Mwanaume mwembamba alishuka na begi moja, akiburuta mguu mmoja. Félicité alitoka mlangoni. Mwanaume akaangusha begi, akamkumbatia, akalia kwa sauti kama mtoto. Félicité naye alilia. Hakuna aliyejua analilia nini, ila Ekal.

Christian alipojifuta machozi aliwaona wazee.

"Na hawa wapapa?"

Félicité aliinamisha kichwa. Wazee wakamtazama Lokorio. Lokorio akamtazama Ekal, akamtazama yule mgeni aliyekuwa bado amemshika mwanamke mkono. Akaelewa.

"Mjomba," Ekal alimnong'oneza kwa Kiturkana, "ni mume wake. Mwambie tumekuja kumsalimia."

Lokorio alisogea mbele, akamkabidhi Christian kamba ya mbuzi.

"Sisi ni majirani. Tulisikia mgeni anakuja," alisema. "Hii ni ya kukukaribisha. Chinja."

"Mungu awabariki!" Christian alisema, akiwashika mikono mmoja mmoja. Alipofika kwa Ekal aliushika mkono wake kwa mikono yote miwili. "Na wewe ni mwanafunzi? Ameniambia. Aksanti kumuchunga bibi yangu."

"Karibu Turkana," Ekal alisema.

Jioni mbuzi aliiva. Félicité aliwagawia wazee, akampa mumewe, mwisho akampakulia Ekal.

"Nikuongezee?" aliuliza bila kumtazama.

"Inatosha," Ekal alisema.

Akala yote.