Siti ya Nyuma Kushoto

Kitambaa cha dari ya gari kikiachia gundi, hushuka. Kila fundi wa viti anajua hivyo, na Feliksi wa Rusimbi, aliyewahi kuvika upya nusu ya magari ya mji wa Kigoma, alijua kuliko wengi. Ndiyo maana asubuhi ile alisimama mlangoni mwa Pijo lake kuukuu, bisibisi mkononi, akakunja uso. Kitambaa alichokivuta na kukibana jana yake hakikuwa kimeshuka. Kilikuwa kimepanda. Juu ya siti ya nyuma kushoto kilibonyea kuelekea bati, duara moja safi, ukubwa wa utosi wa mtu mzima.

Feliksi akaitukana gundi. Kisha akamtukana aliyeitengeneza, akamalizia na aliyemuuzia. Akabandua kile kipande, akakivuta upya, akapaka gundi ya kopo lingine na kukibana kwa vibanio vyote alivyokuwa navyo. Alipotoka kunywa chai na kurudi, duara lilikuwa palepale, na vibanio vimelala kwenye siti.

Wakati wa kuchezea hakuwa nao. Jumamosi hiyo Erica, mtoto wake wa pekee, alikuwa anaolewa. Kwa miaka mingi Feliksi aliwapambia watu magari ya harusi, akiwatazama mabinti wa wenzake wakiondoka juu ya viti alivyovishona yeye, na moyoni alijiapiza kwamba wake ataondoka kwenye gari la baba yake. Hilo Pijo 504 alilikuta Ujiji, kwenye banda la marehemu Mzee Songoro, mfanyabiashara aliyezunguka nalo mkoa mzima enzi zake. Injini ilikuwa nzima. Ndani ndiko kulikokuwa kumechakaa, na ndani ndiyo kazi ya Feliksi. Alipanga viti vyeupe, milango myeupe, dari nyeupe, na bibi harusi nyuma kushoto, mahali pa kukaa mheshimiwa.

Upande ule mmoja ukamgomea. Milango mitatu ilikubali paneli zake mpya bila neno. Ule wa nyuma kushoto aliugongea klipu mpaka kiganja kikavimba, na kila akiupa kisogo paneli ilikuwa chini. Laiti ingekuwa imedondoka, angeelewa. Hii ilikuwa imelazwa kwenye zulia taratibu, uso juu, na klipu hazina hata ufa. Zulia lenyewe lilikuwa na unyevu mahali pa miguu, na harufu yake ilikuwa ya udi uliochanganyika na tope la ziwani.

Mkewe Honorata aliinusa, akajifunga kitenge vizuri, akaenda kumwita katekista. Katekista alisali, akanyunyiza maji ya baraka kwenye viti, akaondoka. Feliksi alishukuru kwa mdomo tu, maana sasa alikuwa na madoa ya maji kwenye ngozi nyeupe na paneli bado iko chini. Alikwenda mjini akagombana na muuza gundi mbele ya wateja. Akarudi na kopo lingine. Siku ikaisha vilevile.

Kesho yake adhuhuri mvua ilianza kunyesha. Feliksi alikuwa amejilaza chali nyuma, kichwa chini ya siti ya mbele, akibana ukingo wa zulia, akinung'unika peke yake kama kawaida yake, aliposikia mlango wa kushoto ukifunguka na kufungwa polepole, wala hakushtuka, akadhani ni Honorata amekuja kumwambia chakula tayari, ila springi za siti zikashuka kwa mlio mzito ambao Honorata na wembamba wake asingeutoa hata akiruka, na pale karibu na shavu lake, kwenye zulia jipya ambalo hakuna aliyelikanyaga, nyuzi zikalala, kwanza mahali pamoja kisha pa pili, zikaloa, na mtu akajikohoza, kikohozi cha mzee aliyetulia mahali pake na anasubiri safari. Feliksi alitoka kwa mlango wa pili akitambaa. Alisimama mvuani mpaka Honorata alipomkuta.

Hata hivyo alikuwa tayari kuvumilia. Aliogopa, ndiyo, lakini hasira ilikuwa kubwa kuliko woga, na mtu aliyejiapiza ni mgumu. Kilichomvunja ni Erica.

Binti huyo alikuwa ametoka kujaribu gauni. Alilikuta gari wazi, akaingia kukaa mahali pake, ajione. Baba yake alipomwona kupitia kioo alikuwa ameinamisha kichwa kushoto, anasikiliza, halafu anacheka kwa adabu, mkono mdomoni.

"Unacheka na nani?" Feliksi alimuuliza, akimvuta nje kwa mkono.

"Si nawe uliyekuwa unanisimulia?" Erica alisema. Akagusa siti. "Baba, mbona ina joto? Kama kuna mtu amenipisha sasa hivi."

Jioni hiyo binti hakula. Alipoulizwa alijibu kwamba anatunza njaa ya safarini. Kalinzi alikokuwa anaolewa ni mwendo mfupi tu, si safari ya kutunzia njaa, na Honorata alianza kulia palepale mezani.

Asubuhi Feliksi alikuwa Ujiji kwa Bi Hidaya, mjane wa Mzee Songoro. Alimkuta uani akichambua dagaa, mama mkavu asiyependa kusumbuliwa. Feliksi akamwamkia, akamweleza yote kwa sauti ya chini, kuanzia dari mpaka kicheko cha Erica. Mikono ya mama ikasimama.

"Ile ngozi ya siti ya nyuma kushoto," alisema, "umeing'oa?"

"Nimezing'oa zote, Bi. Zilikuwa zimechanika."

"Ulimwambia?"

"Nimwambie nani?"

Bi Hidaya alitazama mlangoni kabla ya kujibu. "Mwenyewe."

Ndipo akasimulia. Marehemu mumewe hakuwahi kupakia mtu kwenye siti ile. Hata yeye mkewe alikaa mbele. Kila walipofika mahali Songoro alishuka kwanza, akazunguka, akaufungua mlango ule, akangoja kidogo, akaufunga. Biashara ilimwendea vizuri ajabu, na mke hakuuliza zaidi. Mume alipokufa, alidhani wameondoka wote wawili. Wanawe walipouza gari hakuona sababu ya kuwatisha watu.

Feliksi alitaka kumfokea, akajizuia kwa sababu alimhitaji. Akauliza tu kama kuna mganga wa kumtoa.

"Huyo si wa kutimuliwa," Bi Hidaya alisema. "Kakaa miaka yote kwa heshima, wewe umemvua kiti akiwa amekikalia. Mrudishie ngozi yake. Kisha umsindikize, kama anavyosindikizwa mtu mzima. Alipandia Katonga, kule ufukweni ambako mume wangu alianzia kumfungulia mlango; atashukia Katonga."

Ngozi ya zamani ilikuwepo. Fundi wa viti hatupi ngozi ya zamani kabla ya kazi kwisha, kwa kuwa ndiyo anayokatia mpya. Feliksi aliing'oa ile nyeupe aliyoishona kwa mapenzi yote, akarudisha lile gamba la kahawia lililopasuka. Lilikaa mara moja. Aliichukua paneli ya mlango akaipachika, na klipu zikaingia zenyewe, moja baada ya nyingine, kabla hajazigonga. Alitamani kulia kwa hasira.

Walikwenda alasiri. Bi Hidaya alikaa mbele na chetezo cha ubani miguuni, na Feliksi aliendesha polepole huku amekipindua kioo cha ndani kitazame dari. Katonga palikuwa na watu, wachuuzi wa samaki aina ya migebuka na wanawake wakikusanya dagaa waliokauka. Alisimamisha gari pembeni kabisa, karibu na maji. Akashuka, akazunguka, akaufungua mlango wa nyuma kushoto, akainamisha macho kama alivyoelekezwa.

Gari likanyanyuka. Liliinuka upande ule, taratibu, kama gari linavyoinuka mtu mnene anaposhuka. Harufu ya udi ikampita usoni. Mchanga ukaloa mbele yake, alama kwa alama, mpaka penye maji, na wanawake waliokuwa karibu wakaacha kuzungumza bila kujua kwa nini.

Bi Hidaya alimnong'oneza amuage mgeni. Feliksi alijihisi mwepesi kwa mara ya kwanza tangu wiki ianze. Wasiwasi wote ulimtoka, akabaki mtoto wa watu aliyelelewa vizuri, aliyewasindikiza wageni wa nyumbani kwao tangu akiwa mdogo, na maneno yakatoka kama yalivyotoka kila mara.

"Kwaheri, mzee. Utusamehe kwa usumbufu. Karibu tena nyumbani."

Ziwa lilitulia. Alama za mwisho, zile zilizokuwa zikiingia majini, zilisimama.

"Feliksi," Bi Hidaya alisema polepole, "umesema nini?"

Feliksi aliufunga mlango, akaendesha kurudi bila kumtazama mama wa watu, na moyoni akajifariji kwamba hata mgeni akirudi, la gari analiweza. Pijo alilifungia bandani, akaweka kufuli. Watu wakishangaa, washangae. Kaka yake Honorata alikuwa na gari jeupe, jipya, ambalo viti vyake Feliksi hakuwahi kuvigusa, na hilo ndilo lililokuja Jumamosi asubuhi likiwa na maua mbele.

Erica alitoka ndani akiwa amependeza mpaka majirani wakanyamaza. Feliksi alimfungulia mlango wa nyuma kushoto mwenyewe. Binti alikusanya shela, akainama aingie, halafu akasita. Akarudi nyuma. Akaupokea mlango mkononi mwa baba yake, akaushika wazi, na kungoja pembeni kama mtu anayempisha mkubwa.

Gari lilizama upande ule.

"Shikamoo," Erica alisema, kwa adabu ile ile aliyofunzwa na wazazi wake.

Akasikiliza, akatabasamu. Kisha akaufunga mlango kwa upole, akazunguka nyuma ya gari na kupanda upande wa pili, na akina mama wakaendelea kupiga vigelegele.