Nilimwacha Andazi Akue

Nina miaka kumi na saba, naishi Rexdale, Toronto, na bado niko shule, ingawa walimu wangu wangefurahi nisingekuwepo. Mimi ndiye ninayechekesha darasa mwalimu akigeukia ubaoni. Lakini hili ninalowasimulia, wasomaji wenzangu, nimejaribu kulifanyia mzaha... limekataa.

Nilikuwa na miaka kumi na minne. Rafiki yangu Elia, wa ghorofa ya chini yetu, alikuwa na gemu ya mkononi, ile ya kukamata viumbe na kuwafundisha kupigana. Kiumbe mmoja humo alikuwa wa baba yake. Mtu mzima, mpakia mizigo kwenye ghala huko Malton, eti naye anafuga! Alimwita Andazi kwa jinsi alivyokuwa wa mviringo, na alimtunza ndani ya basi akienda kazini.

Viumbe hao wakipata nguvu huanza kung'aa, wakageuka wakubwa. Ukiwahi kubonyeza kitufe, unazuia. Baba Elia alizuia kila mara. Alisema Andazi akikua anafanana na msimamizi wake wa ghala.

Kisha Baba Elia akaanguka kazini. Moyo... hakuamka. Wakamsafirisha kwenda kumzika Moshi. Mama Elia akasema msibani hakuendwi na gemu, basi Elia akaniletea mlangoni, macho yamevimba.

"Mtembeze humo ndani kila siku, la sivyo atatusahau," aliniambia. "Akianza kung'aa, zuia."

Nikamwambia atulie, mimi ni yaya mzoefu. Hakucheka.

Siku nne nilimtembeza vizuri. Ya tano nikampeleka shule. Jamaa mmoja mwenye gemu kama hiyo akamchapa Andazi mara tatu mfululizo, akaniuliza kama nimeleta mnyama au kitafunwa. Kantini nzima ikacheka. Mimi, mchekeshaji, nimekuwa kichekesho! Mngekuwa nyinyi mngefanyaje?

Nikampiganisha tena palepale. Akaanza kung'aa. Kidole kilikuwa juu ya kitufe, jamani... juu yake kabisa! Sikubonyeza.

Likatoka dude lenye pembe na mabawa. Nikashinda, wakashangilia, nikasevu, na kila kitu cha zamani kikafutika. Viumbe wale hawarudi udogoni. Nilijua. Nikamaliza chipsi zangu, nikaingia kipindi cha hesabu.

Elia alirudi baada ya wiki tatu. Aliwasha gemu tukiwa kwenye ngazi, akaliona lile dude. Akaniuliza kama nilisevu. Nikasema ndiyo, halafu, kwa mdomo wangu huu, nikaongeza kwamba angalau sasa anaruka.

"Kila baba akitoka shifti alikuwa ananiambia," Elia alisema. "'Leo tena alitaka kukua, nimemkatalia.'"

Akazima, akaingia kwao.

Nilidhani nitalia. Nilikaa pale kwenye ngazi nikisubiri... hakuna kilichokuja. Mpaka leo hakijaja. Nimeomba msamaha mara mbili, akasema haina shida. Tunapanda basi moja asubuhi. Ananisalimia vizuri, kisha anakwenda kukaa mbele peke yake. Afadhali angenitukana!

Ndugu zangu, mtu akikukabidhi kitu chake na sharti unaloliona la kijinga, lishike hivyohivyo, hata wakikucheka. Usisubiri kuelezwa sababu. Mimi nilielezwa nikiwa nimeshachelewa, na nilichoombwa kilikuwa kubonyeza tu.