Kumbukumbu ya Babu

Kila siku nilipotoka shule nilimkuta Babu ameketi kwenye kiti chake karibu na dirisha, akinisubiri nimsimulie siku ilivyokwenda. Si siku yangu, siku yake. Nilikagua sufuria jikoni, kikombe mezani na kopo la dawa, kisha nikamwambia: umekula, umekunywa chai, dawa ya asubuhi umemeza. Aliitikia kwa kichwa, akaridhika. Jina langu lilikuwa limeshamtoka, kwa hiyo alinipa jingine. Aliniita Kumbukumbu.

Babu alikuwa fundi cherehani kwa miaka arobaini, na vidole vyake bado vilijua kupima kitambaa. Kichwa ndicho kilichomsaliti. Mwezi ule aliiosha redio kwa sabuni, akaianika juani pamoja na mashati. Wiki iliyofuata aliacha bomba wazi mpaka maji yakaingia kwa jirani. Mama alikuwa mpiga chapa katika ofisi moja, akitoka asubuhi na kurudi jioni, na mimi nilikuwa shuleni. Mjomba, kaka yake Mama, alisema kwenye simu kwamba mzee ahamie kwake, mwendo wa siku nzima kwa basi. Huko pia watu walishinda kazini, ila nyumba ilikuwa na geti na kufuli.

Mama hakutaka baba yake afungiwe kama kuku. Akamwomba mkuu wake wa kazi amruhusu achapie nyumbani, naye akakubali, mradi Mama awe na kompyuta yake kabla ya mwisho wa mwezi uliofuata. Kompyuta ya dukani hatukuiweza, basi Mama akaamua kuiunda mwenyewe. Alipata kasha, kisha bodi kuu, kisha diski, kimoja baada ya kingine, na kila Jumapili alikaa sakafuni na bisibisi yake akikaza skrubu ndogo kama mbegu za nyanya. Mwishowe kilibaki kitu kimoja tu, RAM, yaani kumbukumbu ya mashine. Babu aliposikia hivyo aliuliza kama na mashine imeanza kuzeeka. Mama alicheka, na kicheko kilikuwa kimeadimika nyumbani kwetu.

Jumamosi Mama aliitwa kazini, akanituma mimi dukani. Aliniandikia kikaratasi: RAM, kipande kimoja, gigabaiti nane, DDR4.

"Usiangalie ukubwa, angalia aina," aliniambia. "Bodi yetu inakubali aina ya nne tu. Na ukirudi usiguse kitu. Nitaiweka mwenyewe."

Duka la vipuri lilikuwa chumba chembamba chenye nyaya zilizoning'inia hadi kichwani. Nilikuta wavulana wawili wa darasa langu wameegemea kaunta, walewale walionicheka kwamba mimi ni yaya wa mzee. Sikutaka wanione nikisoma kikaratasi cha mama yangu, nikakiacha mfukoni. Muuzaji alinitolea kipande kimoja kipya cha nane, halafu akanionyesha vipande viwili vilivyokwishatumika, kila kimoja cha nane, vyote viwili kwa bei ya kile kimoja. Aliniuliza bodi yetu ni ya aina gani, maana hivyo viwili vilikuwa vya aina ya tatu.

Nilijibu kwamba bodi yetu inakubali zote. Sijui neno hilo lilitoka wapi. Wavulana waliniangalia kwa heshima kidogo, nami nikatoka na vipande vyangu viwili nikijiona nina akili kuliko aliyenituma. Kuuliza si ujinga, lakini siku ile mimi niliona heri ujinga kuliko kuuliza.

Nyumbani Babu alikuwa amesinzia. Nilitaka Mama akirudi aikute kompyuta inawaka, nikafungua kasha. Kila kipande cha RAM kina pengo dogo kwenye ukingo wake, na kwenye mfereji wa bodi kuna jino linaloingia katika pengo hilo. Jino na pengo vilipishana kwa upana wa punje ya mchele. Nikageuza kipande, kikakataa. Mwenye busara angeishia hapo. Mimi nilikandamiza kwa vidole gumba vyote viwili, nikakandamiza tena, mpaka plastiki ikalia ta. Ukingo wa mfereji ulikuwa umepasuka.

Nilificha vipande chini ya godoro, nikarudisha kifuniko. Mama aliporudi nilimwambia nimekuta duka limefungwa.

Asubuhi yake Mama alifungua kasha apanguse vumbi, akauona ufa. Bisibisi niliisahau mezani, na kando yake ilikuwa miwani ya Babu, kwa sababu baada ya kuamka alikuja kuketi pale. Mama alitazama bisibisi, akatazama miwani. Alimuuliza Babu kwa upole kama aliigusa mashine. Babu aliiangalia mikono yake muda mrefu, kisha akanigeukia.

"Kumbukumbu, ni mimi?"

"Ndiyo, Babu," nikasema.

Akanishukuru kwa kumkumbusha. Akamwomba Mama radhi. Saa ya chakula akamwomba tena, kwa kuwa alikwishasahau kwamba ameomba, na jioni akaomba mara ya tatu. Chakula kilinishinda. Mama hakuthubutu kuiwasha mashine yenye ufa, na mwisho wa mwezi ulikuwa umebakiza siku nne. Akampigia Mjomba simu aje kumchukua Babu. Alipomaliza alikwenda uani kufua nguo ambazo hazikuwa chafu.

Siku mbili nilinyamaza. Nilijiambia kwamba Babu atasahau, na mtu aliyesahau haumii. Huo nao ulikuwa uwongo, tena mbaya kuliko wa kwanza.

Jumanne niliporudi kutoka shule nilimkuta Mama amepiga magoti mbele ya mkoba, akikunja mashati ya Babu. Babu alikuwa ameshika futi yake ya ushonaji, akiizungusha kidoleni na kuifungua.

"Kumbukumbu, nakwenda wapi?"

"Kwa Mjomba."

"Nimekosa nini? Niambie wewe. Wewe ukisema, naamini."

Hapo nililia. Nilikwenda chumbani, nikavitoa vipande viwili chini ya godoro, nikaviweka mkononi mwa Mama. Nilisema yote: kikaratasi mfukoni, wavulana, vidole gumba, duka ambalo halikufungwa. Mama hakunipiga wala hakufoka. Alikaa tu sakafuni akiangalia vile vipande, na ningependa zaidi anipige.

"Kwa hiyo mimi sikuvunja kitu?" Babu aliuliza.

"Hukuvunja, Babu. Ni mimi."

"Nilikuwa nashangaa," akasema. "Mikono hii haijawahi kumharibia mtu kitambaa."

Kesho yake Mama alichukua ruhusa, tukaenda dukani na kasha zima. Safari hii mimi ndiye niliyekitoa kikaratasi nikakisoma kwa sauti. Muuzaji alikunja uso, akanikumbusha kwamba aliniuliza. Alipoichunguza bodi alisema mfereji mmoja umekufa, ila wa pili ni mzima, na kipande kimoja kinatosha kwa kazi ya kuchapa. Alikubali kubadilisha vipande vile viwili kwa kimoja cha aina ya nne. Jino liliingia katika pengo bila kulazimishwa. Kioo cha pale dukani kikawaka, na Mama akampigia Mjomba kumwambia asije.

Sikufurahi kama nilivyodhani ningefurahi. Mama alikuwa bado hajanitazama usoni.

"Mashine ikizimwa, RAM inasahau kila kitu," aliniambia tulipofika nyumbani. "Haina kosa, ndivyo ilivyo. Na babu yako hana kosa. Kosa ni la anayekumbuka akanyamaza. Yeye alikupa kumbukumbu yake uishike, nawe ukamwekea uwongo ndani."



Asubuhi iliyofuata, Mama akiwa ameanza kuchapa, Babu aliniita karibu na dirisha.

"Kumbukumbu," alisema kwa sauti ya chini, "niombee msamaha kwa mama yako. Nilimvunjia mashine yake."

Vidole vya Mama vilisimama. Nilimuuliza Mama, karibu kwa hasira, mbona ukweli ameusahau na uwongo wangu ameushika.

"Kwa sababu uwongo ulimuumiza, mwanangu. Kilichomuumiza mtu hakimtoki upesi," Mama akajibu. "Mwambie tena. Na kesho akiuliza, mwambie tena. Ukweli uliochelewa una kazi nyingi."

Nikaketi miguuni pa Babu, nikamshika mikono yote miwili, nikamwambia tena. Alifurahi kama siku ya kwanza. Kesho yake aliniuliza upya, na hadi leo ananiuliza, nami kila mara namjibu kwamba ni mimi.