Zabibu za Kwenye Mawe

Kila asubuhi kabla ya kengele ya shule, Filister aliteremka bondeni na debe la maji kumwagilia mizabibu yake. Mwaka 1964, Padri aliwagawia wanafunzi miche, ili siku moja misheni ipate divai yake ya misa badala ya kuagiza ng'ambo. Filister alipewa bonde la udongo mweusi. Roseline, mwenzake wa darasani, alipewa mteremko wa mawe unaotazama ziwa, mahali ambapo hata mbuzi hawakai sana.

Nyumbani kwa Filister shamba zuri lilitambuliwa kwa majani na maji, maana ndivyo mahindi yanavyotaka. Basi aliijaza mizabibu yake samadi na kuinywesha kila siku, ikanawiri, majani yakawa mapana kama sahani. Ya Roseline ilikuwa mifupi na imekonda.

"Hiyo ni mizabibu ama kuni?" Filister aliuliza kila alipopita. "Mwambie Padri akupe shamba, si changarawe."

"Mzee Caleb amesema niiache hivi. Haitaki maji mengi."

"Mzee Caleb anajua nini?"

Caleb alikuwa mtunza mashamba wa misheni. Alivaa kofia iliyotoboka, meno yake yalikuwa ya kuhesabu, na Filister, kwa kiburi chake, hakuona la kujifunza kwa mtu wa namna hiyo.

Miaka miwili ilipita, siku ya mavuno ikafika. Nusu ya zabibu za bondeni zilikuwa zimeoza kwa ukungu. Filister alichagua zilizosalia, nono na za kupendeza, akazikamua kwenye ndoo yake. Alionja juisi. Ilikuwa maji matupu. Akaonja ya Roseline, iliyotoka kwenye zabibu ndogo zilizokunjamana, na utamu wake ukamshika ulimi. Aliona aibu, na aibu ile ikamtia hasira.

Wenzake na Mzee Caleb walipokwenda kunywa uji, alikimbia nyumbani, akachukua kopo la sukari la mama yake, akamimina vikombe viwili kwenye ndoo na kukoroga.

Mzee Caleb alirudi, akaonja ndoo zote mbili. "Tamu," alisema. "Tutazitia pamoja kwenye pipa."

"Umeona?" Filister alimwambia Roseline kwa dharau. "Bonde ni bonde."

Roseline aliinamia pipa. Alikuwa akilisuuza, na Mzee Caleb akimsimamia. "Suuza vizuri," mzee alisema. "Divai ya misa ni zabibu peke yake. Kikiingia kitu kingine, hata kidogo, Padri atamwaga pipa lote."

Filister aliitazama ndoo ya Roseline. Jasho la Roseline la miaka miwili lingemwagwa pamoja na maji yake ya sukari. Mzee Caleb akainua ndoo ya bondeni.

"Jaduong'," Filister alimwita mzee kwa heshima, kwa Kijaluo, "usimimine."

"Kwa nini?"

"Yangu nimeitia sukari ya chai."

Mzee aliitua ndoo polepole. Roseline alimtazama Filister kuanzia kichwani hadi miguuni, kama Filister alivyozoea kuwatazama watu. "Miaka miwili unanicheka," alisema. "Kumbe wa kuchekwa ni wewe."

Filister alilia. "Lakini udongo wangu ni mzuri, Jaduong'. Nilifanya kazi kila siku."

"Udongo wako ni mzuri kwa mahindi," alisema Mzee Caleb. "Mzabibu ukishiba maji unaota majani tu, na tunda linakuwa maji. Bondeni unyevu hautoki, ndiyo maana zako zilioza. Kule juu maji hayatuami. Mawe yanashika joto la jua, upepo wa ziwa unakausha majani, na utamu wote unaingia kwenye kitunda kile kidogo ulichokidharau. Ningekueleza haya zamani, lakini hukuwahi kuniuliza."

Akaisukuma ndoo ya Filister kando. "Hii watakunywa wanafunzi. Sukari ya mama yako utaeleza mwenyewe nyumbani, leo hii."

Pipa lilijaa nusu tu, kwa zabibu za mteremkoni. Filister alisimama kando, hana la kufanya na mikono yake.

"Kutojua mzabibu si kosa, nyathina, mwanangu," mzee alimwambia. "Umekosa kwa kumcheka anayejua, kisha ukaiba sukari ili kicheko chako kisionekane cha kijinga. Afadhali umesema kabla sijamimina."